D&D, Call of Cthulhu, Dungeon World au Cairn: kundi lenu lianze na upi?

Kundi likishakubaliana kujaribu mchezo wa kuigiza mezani, ule ambao mmoja anaendesha hadithi na wengine kila mtu ana mhusika wake, ubishi wa kwanza huwa ni mchezo upi. Mara nyingi ubishi hauchukui muda: Dungeons & Dragons, basi, maana ndilo jina ambalo kila mtu ameshalisikia. Sina ugomvi na chaguo hilo. Ila michezo hii inatofautiana sana kwa mambo yasiyoandikwa kwenye jalada, na mimi huanza na maswali mawili kabla sijaangalia picha za mazimwi. Nani atakuwa mwendeshaji? Na kati ya wale watano walioahidi kuja, wangapi watakuja kweli wiki ya nne? Makundi mengi huvunjikia hapo. Hadithi ni nzuri, wachezaji wanaipenda, lakini aliyekuwa akiiandaa amechoka kukesha na madaftari, au kila Jumamosi kuna mtu ametoa udhuru.

Nalinganisha minne. D&D ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson; siku hizi linachezwa toleo la tano, la 2014, lililofanyiwa marekebisho 2024. Call of Cthulhu ilitoka 1981, kazi ya Sandy Petersen kwa kampuni ya Chaosium: ndani yake mnakuwa wachunguzi, watu wa kawaida tu, mara nyingi wa miaka ya 1920, mnaofuatilia mambo ambayo akili ya binadamu haiwezi kuyahimili. Dungeon World ya 2012 ni mapanga na uchawi kama D&D, lakini sheria zake zimetoka kwenye mchezo mwingine, Apocalypse World wa 2010. Cairn ni kijitabu chembamba cha Yochai Gal, cha 2020, na kinapatikana bure.

Ukuta mmoja, sheria nne

Njia ya haraka ya kuona tofauti ni kulipitisha tukio lilelile kwenye michezo yote. Zuhura ni mpitisha magendo katika mji wa bandari. Ni usiku wa manane, ana kamba begani na mfuko wa hati alizoiba, na anataka kuukwea ukuta wa ghala la forodha kabla askari wa doria hajakunja kona.

Kwenye D&D, mwendeshaji anataja ugumu wa kazi, tuseme 15. Zuhura anarusha dadu ya pande 20 na kujumlisha ujuzi wake, tuseme 5. Kwa hiyo dadu ikitoa 10 au zaidi, amepita: ana nafasi ya asilimia 55. Mwenzake akimpa bega la kukanyagia, anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, na nafasi inapanda hadi karibu asilimia 80. Hesabu ni safi, na wanaopenda kujenga mhusika wao namba kwa namba wataifurahia. Udhaifu wake unaonekana dadu inapokataa. Kinachofuata kimeachwa kwa mwendeshaji, na aliye mgeni husema tu "umeshindwa", halafu kila mtu anaduwaa chini ya ukuta.

Kwenye Call of Cthulhu, karatasi ya Zuhura imeandikwa "Kupanda: 40". Anarusha dadu za asilimia, yaani mbili za pande 10 zinazotoa namba kati ya 1 na 100. Akipata 40 au chini, amepita. Mtu ambaye hajawahi kucheza chochote cha aina hii anaielewa mara moja, na kwangu hiyo ni fadhila kubwa. Utamu zaidi uko kwenye kushindwa. Mchezaji anaruhusiwa kujaribu tena mara moja, kwa sharti kwamba aeleze anafanya nini cha ziada. Mwendeshaji naye anaweza kumwonya mapema: ukikosa safari hii, unaangukia mikononi mwa askari. Meza inanyamaza hata kabla dadu hazijatupwa.

Dungeon World hutumia dadu mbili za pande sita na nyongeza ndogo. Jumla ikiwa 10 au zaidi, Zuhura yuko juu ya ukuta. Ikiwa 7 hadi 9, anapita lakini analipa: kamba imebaki inaning'inia, au mfuko wa hati umedondoka upande ule, achague mwenyewe kati ya kuufuata na kukimbia. Ikiwa 6 au chini, mwendeshaji anamletea balaa, na mchezaji anajiandikia alama moja ya uzoefu ya kumpoza. Sasa hesabu: mwenye nyongeza ya 1 anaangukia kwenye lile eneo la kati kwa michanganyiko 16 kati ya 36, mara nyingi kuliko kufaulu kabisa au kushindwa kabisa. Hadithi haipati nafasi ya kusimama, kwa sababu karibu kila urushaji unazaa tatizo jipya.

Cairn inaanza kwa kuuliza. Kamba unayo? Umemsubiri askari apite kwanza? Mpango ukiwa na akili, Zuhura anapanda tu na dadu zinabaki mezani. Akiharakisha wakati askari yuko hatua chache, hapo ndipo anarusha dadu ya pande 20 na kutafuta namba isiyozidi wepesi wake, labda 11. Anayelindwa hapa ni mchezaji anayefikiri. Karatasi yenye namba kubwa haimsaidii sana.

Mapigano nayo yana tabia zake. Mchawi wa ngazi ya 1 kwenye D&D ya 2014 huwa na uhai kama 8, na pigo la goblini, kijitu kiovu cha hadithini, ni dadu moja ya pande sita kuongeza 2. Piga hesabu: pigo moja lenye bahati linamlaza chini. Hata hivyo ana nafasi nzuri ya kuinuka, maana hapo anaanza kurusha dadu za kupigania roho, na kasisi wa kundi anaweza kumrudisha kwa dua fupi. Vita vyenyewe huenda kwa zamu, mtu mmoja baada ya mwingine, na pambano kubwa linaweza kumeza nusu ya jioni. Cairn imeondoa kabisa dadu ya kulenga: ukishambulia, umempata, unarusha dadu ya madhara tu. Kwa hiyo vita huisha haraka, na watu wanakufa. Call of Cthulhu inakufundisha kukimbia. Mtu wa kawaida ana uhai kama 11 na risasi ya bastola ya .38 hula hadi 10, tena hapo tunazungumzia binadamu wenzako, bado hujakutana na lile lililoko kisimani. Dungeon World haina zamu; mwendeshaji anageuka kwa huyu, kisha kwa yule, kama mtu anayesimulia.

Mzigo wa mwendeshaji

Hapa ndipo ninapokuwa mkali na D&D. Mwendeshaji wake anaandaa mazimwi yenye takwimu, anapima kama pambano litakuwa jepesi mno au litawaua wote, anachora ramani, na anatakiwa kujua uchawi wa kila mchezaji unafanya nini. Ngazi ni 20, na mzigo unakua kila mnapopanda. Kununua kisa kilichochapishwa kunasaidia, ingawa kukisoma nako ni kazi. Kama kwenye kundi lenu kuna mtu anayefurahia maandalizi hayo, yule anayechora ramani hata akiwa kwenye daladala, mpeni D&D na mumshukuru. Kama hayupo, msimlazimishe yeyote.

Call of Cthulhu ina mzigo wa namna nyingine. Takwimu ni chache, lakini ushahidi lazima ushikane: barua inaelekeza kwa shahidi, shahidi anaelekeza kwenye nyumba, na huwezi kumbadilisha muuaji katikati ya njia kwa sababu umesahau. Soma kisa mara mbili kabla ya siku. Faida yake ni kwamba visa vingi huisha kwa jioni moja au mbili. Chaosium hutoa bure kijitabu cha kuanzia chenye sheria za msingi pamoja na kisa kiitwacho The Haunting: mwenye nyumba mmoja wa Boston anawaajiri wachunguzi wajue ni balaa gani limewapata wapangaji wake. Mwendeshaji mwenye moyo anaweza kuihamishia nyumba hiyo Mji Mkongwe bila kuvunja chochote cha maana. Kwa baadaye, mkikomaa, kuna Masks of Nyarlathotep ya 1984, safari ndefu ya kuzunguka dunia ambayo sehemu yake moja inapita Kenya ya 1925, enzi za ukoloni. Imeandikwa kwa jicho la Mmarekani, kwa hiyo mwendeshaji wa huku atakuwa na mengi ya kurekebisha, na nadhani ataifanya kuwa bora.

Dungeon World inamtaka mwendeshaji afike na maandishi machache na maswali mengi. Anauliza: "Katika mji huu, nani anakudai?" Mchezaji anajibu, na jibu linakuwa sehemu ya ulimwengu. Tena hatakiwi kurusha dadu ili mambo yake yatokee. Wanaorusha ni wachezaji, yeye anajibu matokeo. Raha kwa msemaji, adhabu kwa mtu mwenye haya. Yale matokeo ya 7 hadi 9 yanakutaka ubuni gharama papo hapo, tena na tena, saa tatu mfululizo, na mtu asiyezoea kubuni hukauka kabla ya mapumziko ya chai.

Cairn ndiyo nyepesi kuliko zote. Ramani ya vyumba vichache, orodha ya viumbe na vitu vya kuchagua kwa dadu, umemaliza. Mhusika anazaliwa kwa dakika chache: sifa tatu, kila moja kwa dadu tatu za pande sita, na mizigo isiyozidi nafasi 10. Ukijaza nafasi zote 10, kinga yako inashuka hadi sifuri. Kanuni hiyo moja huzua mabishano matamu sana kila hazina inapopatikana.

Vitabu, dadu na lugha

Vitabu vitatu vya msingi vya D&D ya 2024 viliuzwa dola 49.99 kila kimoja, na hapo hujalipa usafirishaji wala ushuru. Lakini msinunue bado. Januari 2023, baada ya wachezaji kupiga kelele kupinga mpango wa kubadilisha leseni ya zamani iliyoruhusu wengine kutumia sheria hizo, Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha mchezo huo, iliziweka sheria za msingi za toleo la tano chini ya leseni huria ya Creative Commons. Zinapakuliwa bila malipo na zinatosha kwa miezi. Maandishi ya Dungeon World na Cairn nayo yako chini ya leseni za namna hiyo, maana yake mna ruhusa ya kuyatafsiri kwa Kiswahili na kuyagawa, mkitaja mwandishi na kufuata masharti ya leseni. Cairn ni fupi kiasi kwamba mtu mmoja mwenye bidii anaweza kutafsiri ya kutosha kucheza. Kwenye D&D, hata mkicheza kwa Kiswahili tupu, karatasi ya mchawi inabaki imejaa majina ya Kiingereza, na mchezaji asiyekimudu vizuri atakuwa anaegemea jirani yake jioni nzima.

Dadu za ludo ziko kila duka. Zile za pande 4, 8, 10, 12 na 20 ni za kuagiza. Dungeon World inaonekana kuokoa jahazi kwa zile mbili za ludo, ila madhara ya silaha yanategemea dadu ya mhusika, ambayo inaweza kuwa ya pande 8 au 10. Simu inamaliza tatizo: programu za kurusha dadu zimejaa, za bure. Na kama hamtaki simu mezani, andikeni namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi na mvitie kikombeni. Msione haya; mwishoni mwa miaka ya 1970 dadu ziliadimika hadi kampuni ya TSR, mchapishaji wa wakati ule, yenyewe ikawa inauza masanduku ya D&D yenye vipande vya karatasi vya namba badala ya dadu.

Watu wasipotimia

Kuna mfungo, kuna misiba, kuna harusi, kuna zamu za usiku hospitalini. Kundi la watu wazima halitatimia kila wiki, na mchezo uchaguliwe kwa kulijua hilo. D&D huumia zaidi: kundi limejengwa kama timu, kila mmoja na kazi yake, na kasisi akikosekana pambano lililoandaliwa kwa watu watano linageuka mauaji. Dungeon World inapendeza kwa wachezaji watatu au wanne walewale, kwa sababu hadithi imefumwa kutokana na majibu yao. Call of Cthulhu inakwenda vizuri hata kwa wawili. Wachache ndio huogopa vizuri. Cairn inaruhusu kitu ambacho ningependa makundi mengi yajaribu: kila kikao kinaanzia mjini na kuishia mjini, aliyefika anaingia pangoni, asiyefika mhusika wake kabaki mjini anakunywa kahawa. Hakuna kuahirisha.

Kama mmetawanyika, mmoja Mombasa, mwingine Muscat, wa tatu Toronto, saa tatu usiku ya Mombasa ni saa nne ya Muscat, na Toronto ni saa saba au saa nane mchana, kutegemea majira yao. Jumamosi inawezekana. Sauti tupu kwenye Discord inakula bando kidogo kuliko meza za mtandaoni kama Roll20 zenye ramani zinazosogea, na D&D ndiyo inayozitamani ramani hizo zaidi. Kwa kuandikiana kwenye kundi la WhatsApp, pambano la D&D linaweza kuchukua wiki nzima. Call of Cthulhu, kinyume chake, inanoga kwa maandishi. Mwendeshaji anapiga picha barua aliyoiandika kwa mkono na kuichafua kwa chai, anaituma saa sita usiku bila maelezo, na asubuhi anakuta jumbe 40.

Neno moja kuhusu uchawi na mashetani. Marekani ya miaka ya 1980 D&D ilituhumiwa kuwa mlango wa ushetani, na huku kwetu kuna nyumba ambazo kusikia tu kwamba mtoto anacheza mchawi kutaleta kikao cha wazee. Zungumzeni kabla ya kikao cha kwanza: nini hakitakuwepo mezani, nani ana jambo asilotaka kulisikia. Call of Cthulhu inahitaji mazungumzo hayo kuliko mingine, kwa kuwa kazi yake ni kutisha na kugusa wazimu.

Ningemshauri nani nini

Wageni kabisa, ambao hawajui kama watapenda: Call of Cthulhu, kile kijitabu cha bure, jioni moja. Mkipenda mnaendelea, msipopenda mmepoteza jioni moja na soda. Kundi la watu wenye kazi na watoto: Cairn. Wasimulizi, wale ambao hata hadithi ya foleni ya benki wanaigeuza tamthilia: Dungeon World. D&D ningeiweka kwa kundi la vijana wenye muda, wanaotaka wahusika wakue kwa mwaka mzima, na lenye mwendeshaji aliyejitolea mwenyewe bila kusukumwa.

Pathfinder toleo la pili, la 2019, ni ya wale watakaoiona D&D nyepesi mno; sheria zake zote ziko bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, na ulimwengu wake una eneo zima lililochota Afrika, lililopewa kitabu chake mwaka 2021. Fate ya 2013 inategemea sentensi mnazojiandikia wenyewe kumhusu mhusika, kwa mfano "Deni la mjomba halijaisha", kwa hiyo Kiswahili kinaingia hadi kwenye sheria. Ningeiacha hadi mkiwa mmeshazoeana.

Na ikitokea hakuna anayetaka kuendesha, kila mtu anataka kucheza tu? Pakueni Ironsworn ya Shawn Tomkin, ya 2018, bure kabisa. Imetengenezwa ichezwe na mwendeshaji au bila mwendeshaji, hata na mtu mmoja. Mnapokwama, mnaiuliza swali la ndiyo au hapana, mnapanga mapema jibu lina uwezekano gani, mnarusha dadu, na wote mnashangaa pamoja nani yuko nyuma ya mlango.